Motokaa ya Nguvu na Mkono wa Fundi

Wapo vijana wengi mjini Sumbawanga ambao ukiwaomba wakuonyeshe picha waliyoiweka juu ya kioo cha simu zao, hutaona picha ya ndugu wala ya mchumba. Utaona motokaa ya Kimarekani: pana, imelala chini, yenye injini ya silinda 8, nayo ikiwashwa hunguruma kama simba. Jina lake ni Mustang, au Challenger, au Camaro. Wazee hutikisa kichwa, wakasema kwamba huo ni upuuzi wa ujana. Sisi hatukubaliani na wazee katika jambo hili. Wala hatukubaliani na vijana mpaka mwisho. Mapenzi haya ya motokaa yana faida ndani yake, na yana mauti ndani yake. Yatupasa kuyapima kwa haki, hasa sisi wa Ufipa, ambao lami imetufikia juzi tu.

Tuanze na asili ya motokaa yenyewe. Mustang ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika Maonyesho ya Dunia ya New York tarehe 17 Aprili, 1964, siku tisa kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Ni rika moja na Muungano wetu. Nayo haikuundwa kwa ajili ya mabwanyenye. Bei yake ya kuanzia haikufika dola 2,400, na mfanyakazi kijana wa Marekani aliweza kuilipa kidogo kidogo katika mshahara wake. Mnunuzi alichagua mwenyewe injini, rangi na viti. Na motokaa ilipofika nyumbani aliendelea kuifungua na kuifunga apendavyo. Mtu aliyeshinda wiki nzima kiwandani akifunga skrubu za tajiri, Jumamosi alifunga skrubu za kwake. Hapo ndipo yalipozaliwa mapenzi haya, na mtu wa kazi hawezi kuyadharau.

Lakini motokaa ya mahali pengine ikiletwa kwetu haiji na barabara yake. Mustang GT ya toleo la mwaka 2015 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 435. Farasi hao walihesabiwa karibu na usawa wa bahari. Sumbawanga i juu ya bahari zaidi ya mita 1,700, na hewa yetu ni nyembamba. Mafundi wana hesabu yao: injini inayovuta hewa yenyewe, bila kusukumiwa na turbo, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Maana yake ni kwamba farasi kama 70 watakuwa wamekwisha kubaki njiani kabla mwenye motokaa hajafika soko la Mandela. Tumbo la motokaa hiyo halifiki shubiri moja kutoka ardhini. Mjini hunywa petroli lita 15 na zaidi kwa kilomita 100. Na kabla ya hayo yote, hapo bandarini, mwenyewe amekwisha kulipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na juu yake ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani.

Kuna jambo zito kuliko fedha. Mustang, tangu toleo hilo la 2015, huundwa pia yenye usukani wa kulia. Challenger, ambayo ilikoma kuundwa mwezi Desemba 2023 pamoja na Camaro, ilitoka kiwandani na usukani wa kushoto. Sisi twaendesha kwa kushika kushoto. Dereva wa motokaa ya namna hiyo akitaka kulipita lori la mahindi katika barabara ya Tunduma, yeye huketi upande wa mtaroni. Hawezi kuona kinachokuja mpaka nusu ya motokaa yake imekwisha kuingia katika njia ya wenziwe. Anacheza kamari, na dau lake ni roho za watu wengine.

Tumeitaja barabara ya Tunduma, na yafaa tukumbushane habari zake. Mwezi Februari 2008 Serikali yetu na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani zilitia sahihi mkataba wa msaada wa dola milioni 698. Kujenga kwa lami barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, kulikuwa moja ya kazi za mkataba huo. Kabla ya hapo masika ilikuwa adhabu: lori lilikwama, abiria wakashuka kusukuma, na mahindi yakaharibika. Basi kodi ya Mmarekani imekwisha kufika Ufipa kabla ya motokaa yake ya fahari. Sisi twaona huo ni utaratibu mwema. Barabara hutumikia wote. Motokaa ya fahari humtumikia mmoja.

Sasa tuwatazame mafundi wetu. Ingia katika gereji za Sumbawanga, hata zile ambazo watu huziita gereji bubu kwa kuwa hazina kibao wala leseni. Humo utaona kazi ya kurekebisha motokaa ambayo fundi wa New York hajapata kuifikiria. Land Cruiser iliyochoka hupokewa. Huongezwa majani ya springi, hufungwa vyuma vya kushikilia abiria, huinuliwa tumbo, kisha hurudishwa kazini kushuka milima ya Lyambalyamfipa hadi Muze na vijiji vya Bonde la Ziwa Rukwa. Pikipiki hufungiwa keria ya chuma ibebe gunia. Ekseli ya motokaa iliyokufa hufanywa tela la kuvutwa na maksai. Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Nasi twaongeza: ukiona vyapanda mlima, navyo vimeundwa, na aliyeviunda yupo hapa hapa mwenye mafuta mikononi.

Ufundi huu haukuanza na motokaa. Zamani watu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, nyingine zikifika mita 3 kwenda juu. Tanuru hizo hazikuhitaji mivukuto. Zilijengwa kwa hesabu, hata hewa ikajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, na kikafuliwa kuwa majembe yaliyouzwa mbali. Hewa ile ile nyembamba ambayo leo yaipunguzia Mustang nguvu, wazee walijua kuifanyisha kazi. Mtu anayewaambia vijana wa Ufipa kwamba chuma na moto ni mambo ya wageni hajui historia ya udongo anaoukanyaga.

Kwa hiyo twawaambia vijana: pendeni motokaa, lakini pendeni zaidi kuijua. Aliye na picha ya Mustang katika simu, wala hajui kazi ya kabureta ya pikipiki yake mwenyewe, huyo ni mtazamaji. Aliyejifunza kuifungua injini na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani, huyo amekwisha kumiliki kitu ambacho hakitozwi ushuru bandarini. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo mkoani. Nafasi zake zitafutwe kwa juhudi ile ile wanayotumia wengine kutafuta picha.

Tena twasema pasipo kificho: si kila rekebisho ni ufundi. Kuondoa kizuia sauti katika bomba la moshi ili mtaa mzima usilale si ufundi. Debe tupu haliachi kuvuma. Kukata springi ili motokaa ilale chini kama ya sinema, kisha kuipakia watu wanane, ni kuchimba makaburi. Na kubaya kuliko yote ni kuongeza injini bila kuongeza breki. Hesabu yake ni nyepesi, kila mwendeshaji aijue kwa moyo: mwendo ukizidi mara mbili, masafa ambayo breki zitahitaji ili kuisimamisha motokaa huzidi mara nne. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Laela ni makazi. Mpui ni makazi. Mtoto anayevuka kwenda shule pale hana boneti wala mkanda wa kumkinga.

Hapana budi Serikali nayo itende sehemu yake. Polisi wa usalama barabarani wasimkamate kijana kwa kuwa amekosa kibao pasipo kuitazama kazi yake. Motokaa iliyobadilishwa injini, springi au bodi ikaguliwe na mtu ajuaye, breki kwanza. Na injini mpya iandikwe katika kadi ya motokaa. Halmashauri ziwape mafundi eneo lililo karibu na wateja, lenye umeme na mahali pa kumwaga mafuta machafu yasiende mtoni. Fundi aliyefichwa uchochoroni hafundishiki wala hakaguliki.

Tusimalize bila kuwagusa wakubwa, wasije wakadhani maneno haya ni ya watoto tu. Nchini mwetu injini ya silinda 8 inajulikana zaidi katika motokaa za kazi ziitwazo mashangingi kuliko katika Mustang. Mizengo Pinda, mtoto wa upande huu wa nchi, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015, aliupiga vita hadharani ununuzi wa motokaa hizo kwa fedha za umma. Kijana anayetamani Mustang anatamani kwa jasho lake mwenyewe. Afisa anayetamani silinda 8 kwenda mkutanoni kwa njia ya lami, anatamani kwa jasho la mkulima wa mahindi. Ikiwa lazima mmoja wao akemewe kwanza, twajua ni yupi.

Nguvu ya motokaa ni kufika na kurudi, pamoja na wote waliomo na wote walio njiani. Motokaa iliyoundwa upya katika gereji ya Sumbawanga, ikashuka Muze na abiria wake, ikapanda tena salama kabla ya giza, hiyo kwetu ndiyo motokaa ya nguvu. Fundi wake na alipwe haki yake, na aheshimiwe.