Mtoto Mmoja, Mstari Mmoja: Kanuni ya Upekee katika Rejista Iliyokwisha Kujaa

Mwalimu wa shule ya msingi wa siku hizi ana rejista mbili. Ya kwanza ni kile kitabu kikubwa cha kuandikishia wanafunzi, ambacho hufungiwa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu. Ya pili imo ndani ya kompyuta, nayo ni jedwali lenye safu za namba, majina, tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi. Tumezoea kumfundisha mwalimu-mwanafunzi jinsi ya kuijaza rejista hii ya pili. Maoni yangu ni kwamba hatumfundishi vya kutosha jinsi ya kuisafisha, na hasa jinsi ya kuiwekea kanuni kwamba mtoto mmoja awe na mstari mmoja tu, hali rejista yenyewe imekwisha kujaa.

Msingi wa majedwali haya uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM. Codd alipendekeza kwamba habari zipangwe katika majedwali, na kwamba kila mstari utambulikane kwa ufunguo wake, yaani thamani isiyopatikana katika mstari mwingine wowote wa jedwali hilo. Katika lugha ya SQL, ambayo hutumika kuyaamrisha majedwali hayo, kanuni ya upekee huwekwa kwa sentensi moja fupi. Jedwali likiwa tupu, sentensi hiyo hukubaliwa mara moja. Likiwa limejaa, kompyuta huipitia kwanza mistari yote. Ikikuta hata miwili tu yenye thamani moja, huikataa amri nzima, wala haibadilishi kitu.

Mwanafunzi aliyejifunza kwa majedwali matupu peke yake hudhani kwamba mashine imeharibika. La hasha. Mashine imemwambia ukweli kuhusu rejista yake, nao ukweli huo ndio somo lenyewe.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia: futa mstari mmoja katika kila jozi, kisha toa amri upya. Hata watengenezaji wa programu waliwahi kukiruhusu kishawishi hicho. Programu ya MySQL ilikuwa na namna ya kutoa amri hii ambayo ilibakiza mstari mmoja na kuitupa mingine iliyogongana nao, bila kuuliza upi ulikuwa sahihi. Namna hiyo iliondolewa katika toleo la 5.7, nami naona iliondolewa kwa haki. Mstari katika rejista ya shule ni mtoto. Ukiufuta ule ambao umefungamanishwa na alama zake za miaka miwili, huenda alama hizo zikapotea pamoja nao. Na jina likikosekana wakati wa kuwaandikisha watahiniwa, mtoto hukosa mtihani kwa kosa lisilo lake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, hapana budi mwalimu atambue jozi aliyonayo ni ya aina gani. Ziko aina tatu.

Kwanza, kuna mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Huyu mara nyingi ni mtoto aliyehama akarudi, au aliyeandikwa na walimu wawili kwa tahajia mbili: Hasani na Hassan, Rehema na Lehema. Dawa yake ni kuunganisha. Alama na mahudhurio yote yahamishiwe kwanza kwenye mstari utakaobaki. Ndipo ule mwingine ufutwe.

Pili, kuna watoto wawili waliopewa namba moja. Hapa hakuna wa kufutwa. Mmoja wao apewe namba mpya, baada ya kutazama kitabu cha kabatini ili kujua nani aliitangulia.

Tatu, kuna watoto wawili wanaofanana kwa kila tulichokiandika. Asha Juma wawili wanaweza kuzaliwa siku moja katika kata moja. Katika hali hii kosa ni letu sisi tuliochagua jina kuwa ufunguo. Jina ni mali ya mtoto na wazazi wake, wala halikutungwa ili kututofautishia watu. Hata namba ya kuandikishwa ina mipaka yake: namba 245 ni ya mtoto mmoja katika shule moja, lakini wilaya nzima ina watoto wengi wenye namba 245. Katika jedwali la wilaya, kanuni lazima iwekwe juu ya safu mbili kwa pamoja, yaani shule na namba. Huko Tanzania, namba ya PReM, ambayo humfuata mwanafunzi anapohama shule, hutimiza haja hiyo vizuri zaidi.

Liko pia suala la nafasi tupu, nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Tuseme tumeamua kwamba namba ya cheti cha kuzaliwa isijirudie. Itakuwaje kwa watoto kumi wasio na vyeti? Kwa kawaida ya SQL, nafasi tupu haihesabiwi kuwa sawa na nafasi tupu nyingine. Kwa hiyo programu kama PostgreSQL huwakubali wote kumi, ingawa tangu toleo la 15 la mwaka 2022 yaweza kuamriwa izihesabu kuwa sawa. SQL Server, kwa desturi yake, hukubali nafasi tupu moja tu. Mwalimu asiyejua hayo huandika neno «HANA» au sifuri nne ili kujaza pengo, na mtoto wa pili asiye na cheti hukataliwa na mashine. Nasisitiza: mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu safu imegoma. Nafasi ya kitu kisichojulikana iachwe tupu, na ufunguo uwe kitu ambacho shule yenyewe hukitoa kwa kila mtoto.

Wako wakufunzi wenzangu wasemao kwamba mambo haya ni mazito kwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwamba inatosha fomu ya kompyuta iulize, «Je, namba hii imo?» kabla ya kuandika. Sikubaliani nao. Walimu wawili wakiandikisha kwa mashine mbili kwa wakati mmoja, kila fomu itauliza, kila moja itajibiwa kwamba namba haimo, na zote mbili zitaandika. Ulinzi wa kweli ni ule ulio ndani ya jedwali lenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, uandikishaji usimamishwe kwa muda kati ya kusafisha na kuweka kanuni, la sivyo jozi mpya zitaingia kwa mlango wa nyuma.

Ama kuhusu uzito wa somo, napendekeza lianze bila kompyuta. Mkufunzi akate kadi arobaini za karatasi ya manila, kila moja iwe na namba, jina na tarehe, na ndani yake afiche jozi sita za aina tatu nilizozitaja. Baadhi ya namba aziandike kwa namna mbili, kama 0245 na 245, ili wanafunzi waone kwamba maandishi hayo kwa mashine ni vitu viwili, hata kama kwa mtu ni kitu kimoja. Vikundi vizipange kadi kwa namba. Zikishapangwa, zilizo sawa zitalala jirani, na hivyo ndivyo kompyuta nayo inavyozigundua kwa faharasa yake. Kisha kila kikundi kitetee mbele ya darasa uamuzi wake juu ya kila jozi: kuunganisha, kubadili namba, au kuacha. Anayesema «kufuta» aulizwe: alama za mtoto huyu ziko wapi?

Baada ya hapo ndipo waende kwenye mashine. Wafanye nakala ya akiba, wazilinganishe tahajia za namba, wazitafute jozi kwa kuhesabu kila namba imeonekana mara ngapi, waziamue, na mwisho waitoe ile sentensi moja fupi. Itakapokubaliwa, watajua imekubaliwa kwa sababu gani. Na siku itakapomkatalia mwalimu aliyechoka kuandika namba iliyokwisha tumika, hatakasirika. Atafungua kabati, atoe kitabu kikubwa, na kuuliza huyu mtoto ni nani.