Walipoambiwa Watengane

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawakurupusha vijana bwenini. Wakawaamuru wajigawe: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Arobaini kati yao waliuawa. Wamezikwa palepale, na watu huenda kuhiji kwenye makaburi yao.

Tunalifungua toleo hili Buta kwa sababu ndipo swali letu linapouma. Vijana wale walikuwa watu wa sala. Je, Mungu hakuwasikia?

Mahubiri mengi siku hizi hulikwepa swali hilo. Zaburi ya 91 imegeuzwa hirizi: inabandikwa mlangoni, inasomwa kabla ya safari, na mhubiri anatuhakikishia kwamba mwenye imani hatapatwa na lolote. Zaburi hiyo ni yetu, na tuisali. Lakini tukumbuke ni nani aliyeinukuu katika Mathayo sura ya 4, juu ya kinara cha hekalu. Ni Ibilisi, akimshawishi Yesu ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Na usiku wa Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, lakini hakikumwepuka. Anayewafundisha waumini kwamba imani ni hakika ya kutoguswa anawaandalia anguko baya, maana siku mabaya yakiwafika watadhani Mungu amewatupa, au wataambiwa imani yao ilikuwa haba. Nani atathubutu kumwambia hayo mama aliyemzika mwanawe Buta?

Wala kumtumaini Mungu si kukaa ukingoja risasi. Yusufu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakakimbilia Misri. Paulo alishushwa ndani ya kapu ukutani Dameski. Familia zilizofunga virago na kuikimbia Goma, mashariki mwa Kongo, vita ilipoingia Januari 2025 hazikumkana Mungu njiani.

Basi, ikiwa imani si hakika ya kutoguswa, amani ya Mungu tunayoitetea katika toleo hili ni ipi? Hofu ikishatutawala hututenga kwanza. Hutufanya tumwone jirani kuwa hatari, kisha tumtoe yeye ili sisi tubaki. Anayeamini kwamba uhai wake umo mikononi mwa Mungu, awe hai au afe, hana haja ya kuununua kwa uhai wa mwenzake. Huenda bado anatetemeka. Hata hivyo hofu haimwamulii tena amtendee nini jirani yake, na uhuru huo ndio sisi tunaouita amani ya Mungu.

Si Wakristo peke yao walioushuhudia uhuru huo. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya, wapiganaji wa al-Shabaab walilivamia basi lililokuwa likienda Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, katika kaunti hiyohiyo ya Mandera, abiria 28 wa basi jingine walikuwa wameuawa baada ya kutengwa vivyo hivyo. Safari hii Waislamu walikataa. Kina mama waliwafunika wenzao Wakristo kwa mitandio yao. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Sisi tunaosoma habari za Msamaria mwema katika jumuiya zetu ndogondogo tuna deni kwa mwalimu yule, na ni haki jina lake litajwe kanisani.

Kwa hiyo tunawaomba mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya watakaolitumia toleo hili: mnapoombea ulinzi, ongezeni ombi la pili, kwamba siku mwenye silaha akitudai jirani yetu, Mungu atujalie tusimtoe. Ombi hilo lisingoje vita. Laweza kuanza Jumapili hii, kwa kuwaombea, mmoja mmoja na kwa majina, majirani wa kabila jingine na wa dini nyingine.