Rogue One: Walioruhusiwa Kufa na Aliyekatazwa

Mgomba ukishakomaa hutoa chipukizi ubavuni, na mwenye shamba hukaa akingoja kuona: je, mche huu utazaa ndizi zake wenyewe, ama utanyonya tu mzizi wa mamake? Swali hilo ndilo walilojiuliza wapenzi wa sinema mwezi wa Desemba 2016, kampuni ya Disney ilipoitoa filamu iitwayo Rogue One. Hiyo ilikuwa chipukizi la kwanza kuchomoza pembeni mwa mfululizo wa Star Wars tangu Disney iinunue kampuni ya Lucasfilm mwaka 2012.

Miaka imepita sasa, na chipukizi lenyewe limekwisha kuzaa jingine, yaani mchezo wa televisheni uitwao Andor, ulioonyeshwa mwaka 2022 na 2025. Kelele zimetulia, na yafaa tuipime filamu hii kwa mizani isiyoyumba. Kauli yangu ni hii: Rogue One ilikuwa na ushujaa wa kuwafisha mashujaa wake wote, na kwa hilo ilipata utukufu, lakini haikuwa na ushujaa wa kumwacha marehemu mmoja alale.

Tuanze na sifa, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, ilifunguliwa na maandishi yaliyowaarifu watazamaji kwamba majasusi wa waasi wameiba ramani za Nyota ya Mauti, silaha kubwa ya Dola. Majasusi hao walikuwa akina nani? Hakuna aliyetajwa. John Knoll, fundi mkongwe wa picha za hila, ndiye aliyetoa rai kwamba maneno yale machache yafanywe hadithi kamili, na mwelekezi Gareth Edwards akapewa kazi hiyo. Humo twakutana na Jyn Erso, binti wa mhandisi aliyelazimishwa kuiunda silaha ile, naye kwa siri akaitilia kasoro ndani yake. Hivyo likajibiwa swali la miaka mingi: kwa nini ngome kubwa vile iangushwe na kombora dogo?

Sifa kubwa zaidi ni kwamba waasi hawa si malaika. Cassian Andor, kachero wao, aingia katika hadithi kwa kumwua mtu wake mwenyewe aliyemletea habari, kwa kuchelea kuwa atakamatwa na kusema. Mtazamaji ashtuka, na ni haki ashtuke. Vita vya ukombozi popote duniani vimekuwa na mikono michafu, na filamu nyingi za aina hii huiosha mikono hiyo kabla ya kutuonyesha.

Kisha yaja nusu saa ya mwisho, kwenye ufuo wa Scarif. Sehemu ya ufuo ule ilipigwa picha katika visiwa vya Maldives, katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, na mtu wa pwani ataitambua mara moja minazi na maji yale ya kina kifupi. Hapo wote wanakufa, mmoja baada ya mmoja. Chirrut, mlinzi kipofu wa hekalu, atembea katikati ya mvua ya risasi akiwa na uradi wake mdomoni, aufikie mtambo, autimize wajibu wake, kisha aanguke. Mwenziwe Baze, aliyekuwa akiudhihaki uradi ule, auchukua mdomoni mwake na kumfuata. Mwisho kabisa, ramani zile zapita mkono kwa mkono ndani ya ujia mwembamba, huku Darth Vader akiwafyeka askari. Mlango umekwama, na mmoja wao aupenyeza mkono katika ufa ili mwenziwe azipokee, akijua yeye hatoki. Askari yule hatuambiwi jina lake. Filamu nzima imo katika ule mkono.

Dosari nazo zipo. Mwanzo wake warukaruka kutoka sayari hadi sayari hata mtazamaji hajui aweke wapi moyo wake. Jyn, ambaye jana hakujali ni bendera ya nani inayopepea, leo awahutubia waasi kama khatibu, na njia ya kutoka huku hadi kule hatukuiona vizuri. Forest Whitaker, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2007 kwa kuigiza Idi Amin katika filamu iliyopigwa Uganda, amepewa nafasi ya Saw Gerrera, kisha anaondolewa kabla hatujamzoea. Na uko mji wa Jedha, mji wa mahujaji jangwani, wenye vichochoro, kanzu na vilemba vilivyoazimwa dhahiri kutoka nchi za Waarabu. Mji ule wateketezwa kwa jaribio moja la silaha. Jyn alikuwa amemwokoa mtoto mmoja barabarani humo. Hakuna anayeuliza tena habari zake. Mashujaa wamepewa vifo vyao kwa heshima. Watu wa Jedha wamepewa moshi tu.

Lakini dosari iliyo kubwa ni ya Peter Cushing. Mwigizaji huyu Mwingereza alikuwa Gavana Tarkin katika filamu ya 1977, na alifariki mwaka 1994. Miaka 22 baadaye, mwigizaji mwingine, Guy Henry, akatoa mwili na sauti, na kompyuta ikamvika uso wa marehemu. Mara ya kwanza twamwona Tarkin kwa kisogo, na uso wake umo katika kioo cha dirisha tu. Laiti wangaliachia hapo! Kivuli kile kingalitosha. Alipogeuka ndipo ubaya ulipoanza: ngozi ipo, macho yapo, ila mwenyewe hayupo.

Watetezi husema ruhusa ilipatikana kwa wasimamizi wa mali yake. Nami nauliza: mrithi hurithi nyumba, shamba na deni, je, hurithi na uso? Katika hesabu za mirathi tulizofundishwa chuoni utotoni, mafungu yaligawanywa hadi sudusi na thumuni, wala fungu la uso hatukulisoma. Tofauti na hayo, James Earl Jones, mwenye sauti ya Darth Vader, aliridhia kwa kinywa chake mwaka 2022 kwamba sauti yake iendelee kutengenezwa kwa mitambo, akafariki Septemba 2024. Huyo alisema mwenyewe. Cushing hakuulizwa, na hangeweza kujibu.

Jambo hili si la mabishano ya wapenda sinema tu. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya madai yao makubwa ilikuwa kwamba asitengenezewe mtu nakala ya uso wake bila idhini na malipo. Mwaka uliofuata, jimbo la California likapitisha sheria ya kuzilinda sura za marehemu. Lakini hata sheria hiyo yaiacha idhini mikononi mwa warithi. Kilichohitaji jeshi la mafundi mwaka 2016, leo chafanywa na kijana mmoja mwenye kompyuta, na aweza kumfanyia mwimbaji, mwanasiasa, hata babu yako.

Basi atakayeitazama Rogue One na aitazame kwa macho mawili. Kwa jicho moja auone ule mkono katika ufa, ukitoa amana na kubaki nyuma. Kwa jicho la pili amwone Tarkin akigeuka, mzee aliyemaliza kazi yake na kuzikwa, kisha akaamshwa kuifanya tena bila ujira.