Macho Yapimwe Kwanza

Mwanafunzi asiyeona ubao hufanana sana na mwanafunzi mvivu. Huandika polepole, huchungulia daftari la jirani, hukosea kunakili tarakimu, na akiulizwa swali husita. Mwalimu humwonya, kisha humwadhibu. Muhula ukiisha mzazi hupokea ripoti isemayo, "Aongeze juhudi." Juhudi gani itamfanya asome 3 pale ambapo macho yake yamwonyesha 8?

Huenda mtu akauliza kwa nini hasemi. Aliyefifia macho kidogo kidogo hajui kwamba wenzake huona jani moja moja la mti ulio ng'ambo ya uwanja. Adhani ndivyo dunia ilivyo. Na yule ajuaye huogopa kuitwa "Babu" bwenini. Mzaha huo ni wa kipuuzi, wenzangu, na umewanyima wengi masomo.

Mara nyingi kisa chenyewe ni hiki: jicho limerefuka kupita kiasi, na taswira ya vitu vya mbali hukusanyika kabla ya kuufikia utando ulio nyuma ya jicho. Karoti haziwezi kulifupisha jicho hilo. Dawati la mbele husaidia kidogo, lakini si dawa. Kioo chembamba katikati na kinene pembeni huisukuma taswira mpaka mahali pake, basi.

Wazazi wengi huogopa kwamba miwani huharibu macho ya mtoto. Kweli namba hupanda mwaka hata mwaka, lakini ni kwa sababu kijana anakua, naye jicho lake hukua, avae miwani asivae. Katika jaribio moja la Malaysia lililochapishwa mwaka 2002, watoto waliopewa kwa makusudi miwani yenye nguvu pungufu walizidi kupoteza uwezo wa kuona mbali kuliko wenzao waliopewa miwani kamili. Na huko China, katika jaribio la shule 252 lililotangazwa mwaka 2014, watoto waliopewa miwani bure walipata alama bora za hesabu.

Sasa juu ya kununua. Miwani ya kusomea iuzwayo barabarani imetengenezwa kwa wazee wasioona karibu, tena vioo vyote viwili huwa na nguvu moja. Kijana asiyeona mbali haitamfaa hata kidogo. Kwanza apimwe, kila jicho peke yake, apewe karatasi yenye namba zake, naye aitunze karatasi hiyo, maana miwani ikivunjika ndiyo itakayomsaidia. Fremu ichaguliwe kwa kuinama: ikiteleza puani, iachwe, hata iwe ya kupendeza namna gani. Siku chache za kwanza sakafu yaweza kuonekana imeinama na kichwa kuuma. Hali hiyo isipokwisha, arudi kwa mpimaji.

Najua miwani ni gharama, na wapo wazazi watakaolazimika kuchagua kati yake na viatu. Lakini kupima si ghali. Fomu ya daktari tuletayo siku ya kuanza Kidato cha Kwanza ina mahali pa macho, na wenzangu kadhaa wameniambia kwamba pao palijazwa bila wao kuonyeshwa herufi hata moja. Kwa hiyo naomba shule ipime yenyewe. Chati ya herufi aliyoibuni daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862 yaweza kutundikwa ukumbini penye mwanga. Mwanafunzi asimame mita 6, afunike jicho moja kwa kiganja, asome, kisha jingine. Akishindwa mistari ya chini, aandikiwe barua ya kwenda hospitali, na nakala apelekewe mzazi. Utepe wa kupimia tunao tayari katika stoo ya michezo, na Jumamosi moja yatosha kwa mikondo yote ya Kidato cha Kwanza.