Si "Aina ya Mti" Tu: Wito wa Kuitambua Miti Yetu

Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hachelewi kukutana na mibuyu. Chini yake, kandokando ya hori la Tudor, huiona mikoko ikisimama matopeni. Mwanafunzi wa Kiswahili apitaye hapo kila siku aweza kuchanganua neno "mbuyu", akalitia katika ngeli ya M-MI, akaeleza kwamba mti ni mbuyu, tunda ni buyu na unga uliomo ndani yake ni ubuyu. Lakini mwonyeshe mche wa mbuyu uliochipuka juzi, atakuuliza ni mmea gani huo. Tumejua kulinyambua jina, mwenye jina hatumjui.

Aibu hii si ya wanafunzi peke yao. Mara nyingi kamusi zetu zikifika kwenye miti huishia katika maneno matatu: "aina ya mti". Fafanuzi hiyo haimsaidii msomaji kuutenga mti mmoja na mwingine. Nashikilia kwamba kuitambua miti yetu ya asili ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili sawasawa na kuhakiki riwaya, na kwamba kazi hiyo ina mafiga matatu: masimulizi, matumizi na maumbile. Ukiondoa figa moja, chungu humwagika.

Tuanze na mbuyu. Husemwa kwamba Mungu aliupanda kichwa chini miguu juu. Anayeucheka usemi huo hajauona mbuyu wakati wa kiangazi, majani yamepukutika na matawi yamebaki kama mizizi. Husemwa pia kwamba ni makao ya pepo, na usiku haufai kukaribiwa. Ua lake jeupe hufunguka magharibi, na popo hulijia gizani. Huenda waliosimulia habari za pepo walikwisha kusikia mbawa hizo. Na methali isemayo kwamba mbuyu ulianza kama mchicha si tamathali tupu. Mche wa mbuyu huwa na jani moja moja la kawaida, wala hauna yale majani yaliyogawanyika mithili ya vidole vya mkono ambayo mti mzima huwa nayo. Ndiyo maana wengi huung'oa wakidhani ni gugu. Methali imehifadhi elimu ya maumbile, nasi tumeikariri kwa ajili ya mtihani.

Twende kwenye mikoko. Jina hili watu wengi hulitumia kwa miti yote iotayo katika maji ya chumvi, ilhali mvuvi na fundi hawakubali mchanganyiko huo. Kwao mkoko wenyewe ni ule ambao mizizi yake hushuka kutoka shinani kama matao. Mchu huchomoza mizizi myembamba iliyosimama topeni kama penseli, na jani lake ukilionja lina chumvi. Mizizi ya muia hupinda kama magoti. Mkomafi hutambulikana kwa tunda lake la mviringo kama mpira. Mkandaa hutajwa kwa gome lake litengenezalo ngozi, na mlilana kwa mataruma ya vyombo vya baharini. Msamiati wote huu ungali hai katika vinywa vya watu wa Kisauni, umbali wa nauli ya matatu tu kutoka madarasani mwetu.

Yupo atakayesema kwamba kazi hii ni ya wanabotania, na kwamba masimulizi si sayansi. Nakubali kwamba masimulizi peke yake hupotosha. Mwarobaini husifiwa kwa kutibu maradhi arobaini, na jina lake ni la Kiswahili safi, lakini asili yake ni Bara Hindi. Mwembe nao ulitoka Asia. Kwa hiyo jina na sifa havitoshi kuthibitisha uenyeji wa mti. Hata hivyo, mwanabotania ajapo kijijini huanza kwa kuuliza jina, na wa kumjibu ni mwenye lugha. Padri Charles Sacleux aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa mwaka 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Kwake, elimu hizi mbili hazikugombana.

Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa katika Kaunti ya Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Mjadala ulipamba moto, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Watu walijadili vibali na bei. Wachache walijiuliza ni maneno mangapi yanayoondoka pamoja na mti. Mtoto ambaye atayajua mabuyu ya sukari ya dukani tu, asiwahi kuuona mti wake, methali yetu itamfikia ikiwa ganda tupu. Na majumba ya ghorofa yanavyozidi kupanda Nyali, hasara hiyo haihitaji meli, shoka latosha.

Napendekeza basi jambo jepesi. Kila mwanafunzi atakaporudi kwao likizoni, achague miti mitano ya hapo. Amwendee mzee, mvuvi, fundi au mganga, amwulize maswali matatu: Mti huu husimuliwaje? Hutumiwaje? Wautambuaje hata gizani? Kisha autazame kwa macho yake mwenyewe na kuyaandika majina yote kwa lahaja ya mahali. Walimu wetu nao wazipokee kazi hizo kama wapokeavyo tahakiki za tamthilia. Baada ya miaka michache tutakuwa na hazina ya kuwapa watunga kamusi, nao hawatakuwa tena na udhuru wa kutuandikia "aina ya mti".

Wazee hawatungoji, na mibuyu haitungoji. Tuanze sasa, hata kama ni kwa udogo wa mchicha.