Ruzuku ya miezi sita haipashi nyumba joto

Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, serikali ya Uingereza ilitenga pauni bilioni 1.5 za vocha ili wenye nyumba wa England wazibe kuta na dari zinazopoteza joto, au waweke mitambo mipya ya kupasha nyumba. Vocha ililipia theluthi mbili ya gharama, isizidi pauni 5,000. Mwenye kipato kidogo alilipiwa zote, hadi pauni 10,000. Lengo lilikuwa nyumba 600,000. Mpango ulifunguliwa mwisho wa Septemba, ukafungwa 31 Machi 2021. Wakaguzi wa hesabu za serikali walikadiria kwamba ungezifikia nyumba 47,500 tu kwa pauni milioni 314, na milioni 50 kati ya hizo zingeliwa na uendeshaji.

Wapo wanaohitimisha kwamba ruzuku za namna hii ni fedha za kutupa. Lakini fedha zilibaki tele. Kilichokosekana ni muda. Wizara ilikuwa na wiki 12 za kuandaa kila kitu. Na kwa nini fundi mwenye akili timamu aajiri vijana, awafundishe na kuhangaikia vyeti kwa kazi ya miezi sita?

Vijijini England ndiko haraka hiyo inakoumiza zaidi. Nyumba nyingi za zamani huko ni za mawe matupu, hazina uwazi katikati ya ukuta wa kujazwa nyenzo za kuzuia joto lisitoke, hivyo ukuta mzima huvishwa upya kwa ndani au kwa nje. Hata msomaji wa Makete au Limuru, anayeijua baridi ya Julai, angeshangaa bili za wakazi wa huko. Mabomba ya gesi hayafiki. Uani kuna tangi la mafuta ya kupashia nyumba, na kikomo rasmi cha bei kinalinda gesi na umeme tu. Tangu Oktoba 2023 serikali inachangia pauni 7,500 kwa pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani, lakini kuiweka kwenye nyumba isiyozibwa ni kujaza maji mtungi wenye ufa.

Kuna wanaouliza kwa nini mlipakodi ampandishie mtu thamani ya nyumba yake. Swali ni la haki, na mwenye uwezo anaweza kudaiwa sehemu siku akiuza. Ila mlipakodi huyohuyo tayari anailipia baridi, katika wodi zinazojaa wazee wenye maradhi ya kifua kila majira ya baridi. Mjane anayeishi kwa pensheni hawezi kula mawe ya ukuta wake.

Pingamizi zito ni la kazi mbovu. Mwaka 2025 wakaguzi walibaini kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizovishwa kuta kwa nje chini ya mipango miwili iliyofuata, zaidi ya 22,000, zilikuwa na kasoro kubwa. Maji yakiingia nyuma ya kifuniko, kuvu hufuata. Hapo ruzuku ilidumu zaidi, lakini kazi iliangukia mikononi mwa wasio na ujuzi, na usimamizi uligawanywa mno. Kwa hiyo miaka peke yake haitoshi. Bajeti iahidiwe kwa miaka kumi, nyumba ziwe chache kwa mwaka, mkaguzi asilipwe na mkandarasi, na sehemu ya malipo izuiliwe hadi nyumba ipite msimu mmoja wa baridi bila unyevu.