Mapenzi Si Ushahidi

Wapenzi wa muziki wastahili shukrani. Wao ndio huhifadhi santuri ambazo wenye viwanda wamekwisha kuzitupa, na wao ndio huimba nyimbo ambazo redio imekataa kuzipiga. Kwa sababu hiyo pamezuka desturi ya kusimulia habari za mwanamuziki kwa vinywa vya mashabiki wake, na desturi hiyo husifiwa vyuoni kuwa ni historia iliyotolewa mikononi mwa wakubwa ikatiwa mikononi mwa watu. Sifa hiyo imezidi kipimo. Shabiki ni shahidi mwema wa jambo moja, nalo ni yale yaliyompata yeye alipousikia wimbo. Juu ya yale yaliyompata mwimbaji, maneno yake hayana budi kupimwa kama maneno ya mtu mwingine yeyote, na pengine zaidi. Maana wahenga walikwisha kusema kwamba ukipenda, chongo huita kengeza.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ni filamu ya hali halisi iitwayo Searching for Sugar Man, kazi ya Malik Bendjelloul wa Uswidi, iliyotoka mwaka 2012 na kupewa tuzo ya Oscar mwezi wa Februari 2013. Habari yake ni ya Sixto Rodriguez, mwimbaji wa roki na mpiga gitaa aliyezaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1942, katika jamaa ya wafanyakazi wenye asili ya Meksiko. Alitoa santuri mbili, Cold Fact mwaka 1970 na Coming from Reality mwaka 1971, chini ya kampuni ya Sussex. Nchini mwake hazikununuliwa ila na wachache. Kampuni ikamwacha, naye akarudi katika kazi za mikono, kuvunja nyumba kuukuu na kuzikarabati. Lakini katika Afrika Kusini, iliyokuwa wakati ule chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, santuri hizo zilienea miongoni mwa vijana wa Kizungu, wengi wao wakiwa askari walioingizwa jeshini kwa lazima. Huko ulizuka uvumi kwamba mwimbaji huyo alikwisha kujiua jukwaani mbele ya wasikilizaji wake. Katika miaka ya 1990 mashabiki wawili, Stephen Segerman na Craig Bartholomew Strydom, walianza kumtafuta. Mwaka 1997 wakagundua kwamba yu hai, na mwezi wa Machi 1998 alikwenda Afrika Kusini akaimba mbele ya maelfu ya watu waliomdhania marehemu.

Haifai kuinyima filamu hii haki yake. Imeonyesha, kwa uzuri usiokanika, jinsi wimbo uwezavyo kuvuka bahari bila mwenye wimbo kujua. Imeonyesha pia sahani ya maktaba ya redio ya serikali ambayo njia ya wimbo wa "Sugar Man" ilikwaruzwa makusudi ili usipigwe, na picha ile moja yafundisha habari za udhibiti wa fikra kuliko hotuba ndefu. Zaidi ya yote, imemrudishia mzee wa miaka 70 heshima aliyokoseshwa katika ujana wake. Mwenye kuitazama akalia hana haja ya kuyaonea haya machozi yake. Walakini machozi si hoja, na filamu iliyoitwa ya hali halisi haipimwi kwa machozi peke yake.

Kosa lake la kwanza ni kimya. Rodriguez hakuwa amefichika duniani tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1998. Santuri zake zilikuwa zimepata wapenzi Australia pia, na mwaka 1979 alialikwa huko, akazunguka miji na kuimba kumbini. Santuri ya maonyesho hayo, iitwayo Alive, ilitolewa. Mwaka 1981 alirudi Australia mara ya pili, akashiriki majukwaa na bendi ya Midnight Oil. Tena, mwaka 2008, miaka minne kabla ya filamu, Cold Fact ilikuwa imekwisha kutolewa upya Marekani kwenyewe. Filamu haisemi neno juu ya Australia. Mtazamaji huondoka akiamini kwamba mtu huyu aliishi robo karne na zaidi bila kujua kwamba yuko hata msikilizaji mmoja anayemkumbuka.

Watetezi husema kwamba Australia ni kipande kidogo, na kwamba msimulizi ana ruhusa ya kuchagua. Ruhusa anayo. Lakini kipande hiki si sawa na tawi la mti, likikatwa mti ukabaki mti. Mtu aliyeweza kupatikana na waandaaji wa maonyesho kutoka Australia mwaka 1979, akaandikiwa mkataba, akapandishwa ndege na kulipwa ujira wake, hakuwa mtu aliyepotea. Likisemwa hilo, fumbo lote la filamu hubadilika sura. Swali halibaki tena, "Yuko wapi Rodriguez?" Swali huwa, "Waliokuwa wakiziuza santuri zake Afrika Kusini walizuiwa na nini kumtafuta, hali wengine walimtafuta wakampata?" Swali la kwanza ni la hadithi, hujibiwa kwa mlango kufunguliwa na mzee kutokea dirishani. Swali la pili ni la hesabu; hujibiwa kwa vitabu vya biashara.

Ni kweli filamu huligusa jambo la fedha. Wauzaji wa Afrika Kusini husema ndani yake kwamba malipo ya mtunzi yalipelekwa Marekani. Clarence Avant, aliyekuwa mwenye kampuni ya Sussex, huulizwa habari hiyo, naye hukasirika, na jibu la kutosheleza halipatikani. Hapo ndipo filamu ingalipaswa kukaza mwendo, na hapo ndipo inapougeuza uso wake. Huelezwa kwamba Afrika Kusini ilikuwa imetengwa na ulimwengu, ndiyo sababu habari za umaarufu huo hazikumfikia mwenyewe. Hoja hii ina upungufu ulio wazi. Ikiwa wauzaji wasema kweli, basi fedha zilivuka bahari bila taabu. Ni habari tu zilizoshindwa kuvuka. Utengano wa namna gani huo, unaopitisha malipo na kuzuia barua? Mwaka 2014 kesi juu ya haki za nyimbo hizo ilifunguliwa katika mahakama ya Marekani, ishara tosha kwamba jambo ambalo filamu ililipitia kwa dakika chache lilikuwa bado halijakwisha.

Kwa nini uso uligeuzwa? Jibu limo katika uchaguzi wa wasimulizi. Shabiki hatafuti hesabu, atafuta ufufuo. Kwa miaka mingi alikuwa na marehemu wake, akampenda kama wapendwavyo marehemu, na furaha yake kuu ni kumwona akisimama. Hakuna aibu katika furaha hiyo. Lakini yeye aliyeinunua santuri kwa fedha yake halali hana hamu ya kujua kwamba fedha ile haikumfikia aliyempenda. Na akijua, huzuni yake hutafuta faraja upesi, na faraja iliyo karibu ni makofi ya ukumbi uliojaa. Hivyo dhuluma hugeuzwa kuwa ajabu. Ajabu haina mdaiwa.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, ingawa huonekana kidogo. Filamu husema "Afrika Kusini" pale ambapo ingalisema "Wazungu wa Afrika Kusini." Mtazamaji husubiri kusikia Mwafrika mweusi wa nchi ile akieleza, walau kwa maneno machache, nyimbo hizi zilikuwa nini kwake au hazikuwa nini, naye hana nafasi miongoni mwa wasimulizi wakuu. Asiyekuwapo na lake halipo. Wanamuziki wa Kikaburu wanaohojiwa hueleza kwamba Rodriguez ndiye aliyewafundisha kuwa mtu aweza kuwapinga wakubwa. Kwao wao neno hilo ni la kweli, wala hapana haja ya kuwadharau. Vijana waliolelewa katika nyumba za utii na makanisa ya utii walihitaji mahali pa kuanzia. Lakini likiachwa bila jirani wa kulisahihisha, neno hilo hugeuka kuwa historia ya nchi nzima, na historia hiyo ni ya uongo.

Nchi ile haikungojea santuri kutoka Detroit ili ijifunze kupinga kwa wimbo. Vuyisile Mini, mtunzi wa nyimbo za ukombozi, alinyongwa Pretoria mwezi wa Novemba 1964, miaka sita kabla ya Cold Fact. Miriam Makeba alitoa ushahidi dhidi ya ubaguzi mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963, na nyimbo zake zikapigwa marufuku katika nchi yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa zaidi juu yake: ndiye aliyeupeleka wimbo wa "Malaika" katika majukwaa ya dunia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizompa pasi ya kusafiria. Wakimbizi wa chama cha ANC waliojenga shule Mazimbu, Morogoro, katika miaka ya mwisho ya 1970, walikuwa nao ni Waafrika Kusini, nao walikuwa na nyimbo zao. Hakuna anayedai kwamba filamu moja iwataje wote hao. Kinachodaiwa ni kwamba sehemu isijiite jumla. Chumba kimoja kikiitwa nyumba, waliomo vyumba vingine huwa wamefukuzwa bila kuguswa.

Yasemwa tena, na hili ndilo tetesi lenye nguvu kuliko yote, kwamba hakuna aliyedhurika. Rodriguez alinufaika, alijaza kumbi kubwa katika uzee wake, na alipofariki mwezi wa Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 81, dunia ilimjua. Bendjelloul naye alifariki mwaka 2014, wala haipendezi kumshitaki marehemu. Yote hayo yakubaliwe. Hukumu hapa si juu ya mtu, ni juu ya mfano aliouacha, ambao wengi sasa wanaufuata. Ama kuhusu manufaa, yafaa kuuliza: ni wanamuziki wangapi walioimba wakaibiwa, wasipate mashabiki wawili wenye subira ya kuwatafuta? Methali yasema chema chajiuza, lakini habari za Rodriguez zaonyesha kwamba chema chaweza kuuzwa na wengine, mwenyewe asionje bei yake. Ikiwa haki ya fundi yategemea kupendwa kwake, basi asiyependwa hana haki. Mfanyakazi hulipwa kwa sababu amefanya kazi. Mapenzi ni ziada.

Wanafunzi wa fasihi na historia wasihitimishe kwamba mashabiki wanyamazishwe. Wangenyamaza mashabiki wa Cape Town, Rodriguez angalibaki akibeba matofali ya Detroit hadi kufa. Ushahidi wao upokewe, lakini upokewe kwa adabu ya elimu. Wanazuoni wa Hadithi hawakuuliza tu ni nini kilichosemwa. Waliuliza nani alikipokea kutoka kwa nani, na je, aliyepokea aliwahi kukutana na aliyempa? Walijua kwamba mtu mwema aweza kupokea vibaya, na kwamba mapenzi kwa anayetajwa hayamfanyi mpokezi kuwa wa kutegemewa. Kipimo hicho kingaliwekwa juu ya filamu hii, maswali matatu yangalitosha. Msimulizi alikuwapo, au alisikia? Nani mwingine alikuwapo, naye hakuulizwa? Na nani anayefaidika ikiwa habari itaishia hapa?

Mwenye kuyauliza hayo atabaki na filamu ndogo kuliko ile iliyopewa tuzo, lakini iliyo ya kweli zaidi: habari ya wapenzi wa Kizungu katika nchi ya dhuluma, na wimbo uliowafariji, na mtu wa mbali ambaye hawakujua kwamba yu hai, wala kwamba wengine walimjua. Hiyo ni habari nzuri, nayo yawatosha. Habari ya Rodriguez mwenyewe ni nyingine. Ndani yake mna mikataba, hesabu, Australia, na miaka mingi ya kuvunja nyumba za watu. Bado yangoja mwandishi atakayempenda mwimbaji huyo kwa kiasi cha kutosha kuomba vitabu vya fedha vifunguliwe.